Mkate wa Mikono

Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu tumzike Bibi, nililala bila kumwombea. Rozari niliiacha ikining'inia kwenye msumari wake, nikajifunika shuka mpaka kichwani, na mikono yangu ilikuwa bado na unga. Sikunawa. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba hata kunawa niliona ni kumfanyia mtu hisani.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa ndoto. Wapo kwetu wanaoota kila wiki, wakiamka wanaita watu uani wawasimulie, na mwisho wa simulizi huwa kuna kuku wa kuchinjwa. Mimi nikilala nimelala. Bibi mwenyewe alikuwa akinitania, eti hata malaika akitumwa kwangu itabidi aache ujumbe kwa jirani. Ndiyo maana hii ninaisimulia kama nilivyoiona, na anayetaka kuiamini aiamini.

Lakini kwanza ijulikane kilichonilaza na hasira.

Huku kwetu milimani, Usambara, Bibi alijulikana kwa mkate mmoja. Alifundishwa akiwa msichana, jikoni kwa masista wa misheni, na sisi tuliuita mkate wa mikono. Unachukua unga wa atta, ule wa rangi ya udongo wenye makapi yake, unaukanda kwa asali, hamira, chumvi na maji ya vuguvugu. Ukishaumuka unausokota kamba ndefu, unaipinda, unazipishanisha ncha zake mara mbili, kisha unazirudisha na kuzilaza juu, ukawa kama mtu aliyekunja mikono kifuani anasali. Unauchovya kwenye maji yanayochemka, unaunyunyizia chumvi ya mawe, unautia tanurini. Ukitoka una ngozi ya kahawia inayong'aa, ndani ni laini, na harufu ya asali inafika mpaka barabarani. Hakuna ubatizo wala harusi ya ukoo wetu iliyopita bila mkate ule.

Siri yake ilikuwa kwenye yale maji ya kuchovyea. Bibi alikuwa na chupa ya kijani, shingoni ameifunga medali ya Bikira Maria. Sufuria ikishachemka aliinamisha chupa ile juu yake, midomo ikichezacheza, na tangu tukiwa wadogo alituambia: haya ni maji ya baraka, ndiyo yanayoupa mkate ngozi. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa, hata tulipokuwa watu wazima.

Mguu wake ulipoanza kuvimba, ndugu zangu walikuwa wameshaoa na kuolewa, kila mmoja kwake. Mimi nilibaki naye. Nilimfunga mguu kila asubuhi, nilimpikia, nilimwogesha, na yeye aliniahidi tanuri lake na mkate wake. Lakini kila nilipooka peke yangu, mikate yangu ilitoka imepauka kama kisigino kisichopakwa mafuta. Bibi aliushika mmoja, akaugeuza upande huu na huu, akatikisa kichwa.

"Bado," alisema. "Haujakukubali. Nenda kachote maji mengine kwa padre."

Nami nilikwenda. Mtu mzima, na ndoo yangu, naenda kubarikiwa maji ya kuchovyea mkate. Padre alinibarikia bila kuuliza, tena na tena, mpaka siku moja akanivuta pembeni na kuniuliza kwa upole kama nyumbani kwetu kuna pepo anayetusumbua. Nilimwambia hapana, ni mkate tu. Akasema ataniombea.

Na kulikuwa na Elia. Alikuwa fundi uashi kutoka Korogwe, alikuja kujenga darasa la shule yetu, akanipenda nami nikampenda. Alisema tukioana atanijengea tanuri langu mwenyewe, la matofali ya kuchoma, kubwa kuliko la Bibi. Nilimwomba anisubiri kidogo, mpaka mkate unikubali, maana ningekwendaje kwenye tanuri jipya na mkate uliopauka? Alisubiri. Alisubiri kuliko mtu mwenye akili zake anavyopaswa kusubiri, kila akija ananiuliza vipi, namjibu bado. Kisha akarudi kwao, akaoa.

Sikumlaumu Bibi kwa hilo. Nilijilaumu mwenyewe, na mikono yangu isiyo na baraka.

Sasa siku ile iliyotangulia usiku ninaousema, ukoo wote ulikuwa umekusanyika, kwa sababu kesho yake tulikuwa tunaweka msalaba kwenye kaburi la Bibi. Baba mkubwa alikuwa ametangaza kwamba mikate ya msalaba nitaoka mimi, na atakayeoka ndiye atakayekuwa mwenye tanuri. Nilioka michache ya kujaribia. Ilitoka imepauka vilevile. Nilikuwa naitazama, machozi yako karibu, Rehema alipoingia jikoni na mizigo yake.

Rehema ni mtoto wa shangazi, mdogo kwangu, anaishi Arusha na mumewe. Alinikumbatia, akafungua kifurushi mezani akisema amenibebea kidogo cha kusaidia. Ilikuwa mikate ya mikono. Ya kahawia, inang'aa, kama Bibi ndiye aliyeitoa tanurini asubuhi ile. Kisha akaiona ya kwangu.

"Dada Paulina, mbona hii imepauka? Uliichovya kweli?"

"Niliichovya."

"Kwenye nini?"

"Kwenye maji ya baraka. Kwani kuna kingine?"

Alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, akidhani namtania. Halafu akaniona uso, kicheko kikamkauka.

"Jamani. Dada, ina maana hujui?"

"Sijui nini?"

Akaanza kukunja kile kitambaa cha kifurushi, akakikunja mpaka kikawa kidogo kabisa. "Aliniapisha," alisema. "Kabla sijahamia Arusha. Alinishikisha rozari yake, nisimwambie mtu."

"Mtu, au mimi?"

Ningekuwa na busara ningeondoka kabla hajajibu.

"Wewe," alisema. "Alikutaja jina."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Alikuwa amekutuma kanisani, dada. Kuchota maji."

Nilikaa. Rehema akaanza kusema niache yeye aoke, mimi nipumzike, hakuna haja ya ukoo kujua. Nilimwambia asiguse unga wangu. Nilikanda unga mpya peke yangu, kwa ngumi, nikaufunika na kuuacha uumuke. Tulilala kitanda kimoja, mgongo kwa mgongo, na ndivyo nilivyolala bila kumwombea Bibi.

Sikumbuki usingizi ulinichukua saa ngapi. Ninachokumbuka ni kusikia mtu anakanda. Ile sauti ninaijua kuliko kengele ya kanisa: kiganja kinasukuma, unga unapiga meza, kimya kidogo, tena. Niliinuka kwenda kuangalia. Nje kulikuwa kweupe, jua la asubuhi limeshapanda, ukungu umeshaondoka mabondeni, na mlango wa jikoni ulikuwa wazi.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, amenipa mgongo. Alivaa gauni la bluu, lile tulilomzikia. Ule mguu mbaya alikuwa ameukunja chini yake kama msichana, hauna uvimbe hata kidogo, na mimi niliyeufunga vitambaa asubuhi zote zile sikufurahi kuuona umepona. Nilisimama mlangoni. Nilijua amekufa. Nilijua pia ana kosa, na kwamba kosa lenyewe si kufa, na sikutaka kulisahau kwa sababu tu nimemwona.

"Siku hizi husalimii?" aliniuliza bila kugeuka.

"Shikamoo."

Neno lilitoka gumu. Hakuitikia marahaba. Alisogea tu kunipa nafasi mezani, kama alivyozoea, na mwili wangu, ambao hauna aibu, ukaenda ukakaa.

Akanimegea donge. Nikaanza kusokota. Unga ulikuwa laini, una joto, unanukia asali ya msituni, na kamba yake ilitoka vizuri chini ya viganja vyangu, ikarefuka, ikafika ukingoni mwa meza, ikashuka. Nikaendelea. Ikapita sakafuni, ikatoka mlangoni, nami naifuata nimeinama, nasokota tu, nangoja iishe niipinde, lakini haiishi. Nilipoinua kichwa hatukuwa jikoni kwetu.

Ni jiko la masista. Sijawahi kuliona, lilibomolewa kabla sijazaliwa, lakini nalijua. Vigae vyeupe, masufuria yamening'inia, dirisha refu linaloingiza mwanga mpaka mvunguni mwa meza. Kuna sista mrefu mwenye mikono myekundu kwa maji ya moto. Pembeni yake amesimama msichana mwembamba, aproni imemzidi, na kidole gumba chake cha kulia kimepinda ndani. Kile kidole nakifahamu. Nimekikata kucha mara nyingi.

Sista anafungua kopo, anatoa bonge la kijivu. Hamfichi. Anamwekea msichana kiganjani alishike, alipime, alinuse. Kisha analidondosha kwenye sufuria na povu linapanda. Msichana anauliza kitu. Sista anamjibu, anamjibu hivihivi, kama mtu aliyeulizwa saa, na anamwachia mwiko aendelee.

"Hiyo ni siku yangu ya kwanza," Bibi anasema nyuma ya sikio langu.

Siku ya kwanza. Alikuwa hajaosha hata sahani moja ya wenyewe, na aliambiwa. Mimi nimekanda pembeni yake mpaka mvi zimeniota, na sikuambiwa. Nageuka nimwambie hivyo, lakini nimeshika ndoo.

Niko njiani kwenda kanisani. Padre amesimama mlangoni anabariki, hainui macho, anabariki ndoo, inakuja nyingine, anabariki, na foleni ya ndoo imefika mpaka kwenye shule, na zote ni zangu. Ninazitambua kwa vishikio. Najaribu kumwambia inatosha, Padre, inatosha, lakini ananinyooshea kiganja nisimvurugie sala.

Kutoka pale juu naliona jiko letu. Ukuta wa mbele haupo. Bibi na Rehema wameinamia sufuria, vichwa vimekaribiana, Bibi ameshika chupa ya kijani na anaongea, anaongea kwa kirefu, kwa mikono, kama hajawahi kuongea nami. Rehema ameziba mdomo kwa kiganja, anacheka. Kisha Bibi anainua uso na kuniona. Ananiona kabisa, mimi na ndoo yangu, kwa mbali kule. Nadhani ataona haya. Ananipungia mkono tu, kama mtu anayemhimiza mtoto asichelewe: nenda, nenda.

Hapo ndipo kitu kikavunjika ndani yangu. Kuwa mjinga naweza kuvumilia, wajinga tuko wengi na tunaishi. Lakini alinitazama nikiwa mjinga, akanipungia mkono.

Nikaitupa ndoo. Maji yakamwagika, na pale yalipomwagika palikuwa na tanuri. Elia analijenga. Limefika kifuani, matofali yamepangika vizuri, udongo bado mbichi kati yake, na yeye ana udongo kwenye nyusi kama kawaida yake. Ananiona, anatabasamu, ananionyesha mlango wa tanuri kwa mwiko wa kujengea. Nataka kwenda. Kumbe ile kamba ya unga sikuiacha. Imenizunguka kiunoni, na mwisho wake wa pili umerudi nyuma mpaka mapajani mwa Bibi, na Bibi ameketi pale kwenye kigoda anaisokota, anaisokota kwa utaratibu, bila haraka yoyote.

"Bado," anasema.

Ilikuwa sauti ileile. Sauti ya upole, ya mtu anayekuhurumia.

Elia anaweka mwiko chini. Anaanza kubomoa. Anatoa tofali moja moja kutoka juu, analifuta udongo, analiweka pembeni taratibu lisivunjike, kama mtu anayejua atalijengea mahali pengine. Namwangalia mpaka la mwisho. Kisha anayapakia na kuondoka nayo, na mahali pa tanuri panabaki majani tu.

Katika maisha yangu yote sikuwahi kumpandishia Bibi sauti. Nilimpandishia pale.

"Bibi! Kuna nini kwenye hiyo chupa?"

Tumerudi jikoni, sisi wawili, jua linaingia mlangoni, sufuria inachemka. Bibi ananishika mkono. Mkono wake una nguvu za zamani. Anakichukua kidole changu, anakilowesha kwenye mdomo wa chupa, na maji yale yanateleza kama sabuni.

"Onja," anasema.

Naonja. Ni chungu, uchungu unaokausha ulimi, na kabla sijameza nimeshajua. Hakuna mwanamke wa milimani asiyejua ladha ile. Ningeijua nikiwa nimefumbwa macho.

"Magadi," nasema. "Haya ni magadi. Ya kuivishia maharage."

"Magadi," Bibi anakubali.

"Na baraka?"

"Baraka niliisema ili msiguse, mkajiunguza. Mlikuwa watoto."

"Na nilipokua?"

Anachukua kitambaa, anafuta meza ambayo haina uchafu. Nami sasa siogopi, hasira imenipa miguu.

"Rehema ulimwambia."

"Rehema alikuwa anaondoka," anasema.

"Na mimi?"

Bibi anautazama mguu wake. Nami nautazama. Umevimba tena, ngozi imevutika inang'aa, vitambaa vyangu vimeuzunguka kama nilivyovifunga siku ya mwisho.

"Wewe ungejua, ungemfuata fundi wako," anasema. "Nani angenifunga mguu?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeomba asogezewe chumvi. Nilikuwa nimejiandaa kusikia jambo kubwa, kiapo kwa masista, siri ya ukoo, au hata kwamba hakunipenda, jambo ambalo mtu anaweza kulibeba na heshima yake. Kumbe ni mguu. Aliogopa kubaki na mguu wake peke yake, basi akanifunga mimi.

Na lililoniua si hilo. Lililoniua ni kwamba angeniomba, ningebaki. Hata Elia angekuja kuishi huku, mbona alishasema. Neno moja tu, Pau, usiniache, na ningemfunga ule mguu miaka yote ileile, kwa mikono ileile, lakini kwa hiari yangu.

"Ungeniomba," nilimwambia. "Ungeniomba ningebaki."

"Sikuwa na hakika," alisema Bibi.

Kisha hakuwa kwenye kigoda tena. Amelala juu ya meza ya kukandia, chali, macho yamefumbwa, gauni la bluu limenyooshwa mpaka miguuni, na mikono yake imekunjwa kifuani. Ni mimi niliyeikunja. Siku aliyokufa wanawake walipomaliza kumwosha walitaka kuinyoosha pembeni, nikakataa, nikaikunja kama alivyonifundisha kwenye mkate, wa kushoto juu ya wa kulia, ncha zimelala vizuri. Wote walilia walipoona. Nililia kuliko wao.

"Pau," anaita. Midomo haichezi. "Nifungue. Mikono imeniingia ganzi."

Kwetu kila mtu anajua maana yake. Marehemu akikujia akaomba umfungue, hazungumzii sanda wala jeneza. Anaomba umsamehe, ulitamke kwa kinywa chako, apate kwenda.

Nikamsogelea. Nikaweka mikono yangu juu ya vifundo vya mikono yake, na unga uliokauka kwenye vidole vyangu ukapasuka na kumwangukia kifuani. Nilidhani nitakuta baridi. Alikuwa wa moto, moto wa mkate uliotoka sasa hivi, na ananukia asali. Nilimpenda. Nisidanganye, nilimpenda pale kama siku zote, na hilo nalo lilinitia hasira.

"Nifungue, mjukuu wangu."

Nilifumbua mdomo nimjibu, nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Kidole changu kilikuwa mdomoni, na nilichokuwa naonja ni unga wa jana tu. Rehema alikuwa anakoroma kidogo. Majogoo walikuwa wanawika bondeni, na uani nilisikia baba mkubwa anakohoa, anauliza nani ameona jembe.

Nikaenda jikoni. Kopo la magadi lilikuwa palepale lilipo siku zote, kwenye rafu ya chini, karibu na maharage, mahali ninaponyoosha mkono bila kuangalia. Nilitoa bonge moja. Lilikuwa la kijivu. Ndoo ya maji ya baraka niliisogeza pembeni kwa heshima, maana yenyewe haikuwa na kosa, nikateka maji ya kisima, nikainjika sufuria. Nilipodondosha bonge povu lilipanda.

Unga ulikuwa umeumuka. Nikasokota, nikapinda, nikapishanisha, nikachovya, nikanyunyizia chumvi, nikasukumiza tanurini. Sikusali wala sikuchezesha midomo. Nilikaa kwenye kigoda cha Bibi nikangoja, na kwa mara ya kwanza nilikaa pale bila kuomba nikubaliwe.

Ilitoka ya kahawia. Yote, mpaka ile ya pembeni. Iling'aa kiasi kwamba niliweza kuona mwanga wa mlango juu yake, na harufu ikatoka nje kabla yangu, nikasikia baba mkubwa anasema huko uani, "Aa! Bibi huyo!" na watu wakacheka, na mtu mmoja akaanza kulia. Sikutoka. Niliushika mmoja, nikaugeuza upande huu na huu kama alivyokuwa akifanya yeye. Hakukuwa na mtu wa kuniambia bado.

Ningekuwa Korogwe. Nililiwaza hilo nikiwa nimeshika mkate wa moto, na nikailalia meza nikalia. Nililia kwa sauti, kwa ajili ya tanuri la matofali ya kuchoma.

Rehema akanikuta hivyo, amejifunga khanga, nywele zimesimama. Aliangalia mikate. Akaangalia kopo la magadi lililo wazi, akaweka mkono kifuani.

"Sikukwambia mimi," alisema. "Mungu shahidi, sikukwambia."

"Najua. Alikuja mwenyewe."

Hakuuliza nani. Alivuta stuli akakaa karibu yangu, akaongea kwa kunong'ona kama watu wako ndani wamelala. "Alikuja vipi? Alisema nini?"

"Anaomba nimfungue mikono."

Rehema alifanya ishara ya msalaba. Machozi yalimtoka mara moja, yeye machozi yake yako karibu. "Maskini Bibi. Maskini. Na leo ndiyo siku yake ya msalaba. Umemfungua, dada?"

Lilikuwa limebaki donge moja. Nililisokota kamba, nikaipinda, nikazipishanisha ncha mara mbili. Nikazilaza kifuani, wa kushoto juu ya wa kulia, nikazibana kwa vidole gumba vyote viwili mpaka zikashika.

"Nimemwambia bado," nikasema, nikauchovya.